Sura ya Tano: Mkia Usiofukuza Nzi

Mkuu wa kituo alikuwa na tabia moja iliyomkera Inspekta kuliko zote: akishaamua nani mkosaji, hufunga jalada kwa kamba nyekundu, uchunguzi uwe umeisha au haujaisha. Asubuhi ya siku ya tatu tangu ng'ombe amwangukie mtu na kumuua, jalada lilikuwa mezani pake, limekazwa mafundo mawili.

"Saa nane mchana daktari wa mifugo anapandishwa gari kwenda mahakamani," Mkuu alisema bila kuinua macho. "Kuua bila kukusudia. Mashahidi wawili, na maelezo yao yanafanana. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini yanafanana."

"Kwa sababu ni kweli."

"Mkuu, watu wawili wakiona ajali moja, mmoja atasema gari lilikuwa jekundu, mwingine atasema lilikuwa basi. Hawa wamesema maneno kumi na manne yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nimeyahesabu."

Ndiyo maana kituo kizima kilimwita Kwanini. Akiwepo walimwita Afande, akitoka tu mlangoni alikuwa Kwanini, na yeye alijua na wala hakujali. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akayasoma kwa sauti yale maneno kumi na manne: "Yule mwanamke alimdunga ng'ombe dawa nyingi mgongoni bila kipimo, ng'ombe akaishiwa nguvu, akamwangukia marehemu."

Shahidi wa kwanza alikuwa mwenye ng'ombe, Baba Mapacha. Wa pili alikuwa muuza duka la dawa za mifugo, anayejulikana kwa jina la Bwana Dawa, ambaye alisema aliona pikipiki ya daktari ikipita, akaifuata kwa miguu ili ajionee. Marehemu alikuwa mdogo wake mke wa Baba Mapacha. Alikuwa akiishi hapo hapo kwa dada yake na kuchunga ng'ombe wa shemeji yake, na kwa sababu ya mapacha wa dada yake mtaa mzima ulimwita Mjomba. Ng'ombe alishindwa kuzaa, daktari akaitwa, akampasua ubavu ili amtoe ndama. Kabla kazi haijaisha ng'ombe alianguka, akambana Mjomba ukutani. Ndama alipona, Mjomba hakupona.

"Na tena askari walimkuta anashona," Mkuu aliongeza. "Mtu amekufa, yeye yuko na uzi na sindano!"

"Angemwacha ng'ombe tumbo wazi?"

"Saa nane, Inspekta."

Daktari alikuwa kwenye benchi la mahabusu, peku, amevaa ovaroli ile ile ya siku ya tukio. Damu ya ng'ombe ilikuwa imekaukia kwenye mikono ya nguo hadi ikakakamaa. Inspekta alipoona hivyo alihisi kichwa kinapata moto. Alimwita askari wa zamu.

"Huyu ameshahukumiwa?"

"Bado, afande."

"Basi kwa nini hajapewa maji ya kuoga? Hata wezi wa kuku wananawa humu ndani! Lete ndoo, lete sabuni, lete nguo. Na viatu vyake."

Askari aliondoka mbio. Daktari, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, alimtazama Inspekta kama mtu aliyesahau kwamba kuna watu wa kumtetea.

"Ulimdunga dawa kiasi gani?" Inspekta aliuliza, akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mililita sitini."

Inspekta alikunja uso. "Mashahidi wanasema nyingi."

"Ni nyingi kweli. Ubavu wa ng'ombe si fizi yako ukienda kung'oa jino. Nilinyoa sehemu tatu kando ya uti wa mgongo, upande wa kushoto, nikasafisha, nikadunga ishirini kila sehemu. Hicho ndicho kipimo. Ningepunguza angesikia kisu."

"Hebu nieleze hiyo dawa ya ganzi inafanyaje kazi. Nieleze polepole. Mimi sayansi nilifeli mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ya pili nilifeli vizuri zaidi."

Kwa mara ya kwanza daktari alitaka kucheka, ila alijizuia.

"Maumivu ni habari," alisema. "Kisu kikikata ngozi, mshipa wa fahamu unapeleka habari hadi kichwani. Unaipeleka kwa kufungua vijilango vidogo vidogo. Chumvi ya mwilini inaingia kwenye kilango cha kwanza, cha pili kinafunguka, cha tatu, hivyo hivyo mpaka juu. Dawa ya ganzi inakwenda kukaa kwenye vile vilango. Chumvi haipiti. Kidonda kipo, damu ipo, lakini habari imekatika njiani na ng'ombe hajui kitu. Dawa ikiisha, baada ya saa moja au mbili, vilango vinafunguka na anajua yote."

"Kwa hiyo alikuwa amelala?"

"Hakulala hata kidogo. Anakutazama, akitaka anacheua. Ndiyo maana tunawapasua wakiwa wamesimama. Kila sehemu ya mwili ina mishipa yake, na mimi niliifunga ya ubavu wa kushoto peke yake. Niliupapasa ubavu ukawa wa moto, dalili kwamba dawa imeingia, nikauchoma kwa ncha ya sindano, hakushtuka. Ganzi ilikuwa imeshika pale nilipotaka ishike."

"Na miguu?"

"Sikuigusa. Tuseme nimekosea, nimedunga nyuma mno. Basi ungelegea mguu mmoja, wa kushoto, na angeanguka kushoto, juu yangu. Wewe umesoma jalada. Aliangukaje?"

Inspekta alikuwa amelisoma mara tatu. Ng'ombe alikaa chini kama mbwa, miguu yote miwili ya nyuma kwa mpigo, kisha akalalia upande wa kulia, ukutani, alikokuwa Mjomba akimkingia bega asiyumbe.

"Haya uliyaeleza kwenye maelezo yako?"

"Nilieleza kwa saa nzima. Aliyekuwa anaandika aliandika mistari minne."

Inspekta alimeza mate. Kama aliyeandika angekuwa karibu, angemezwa yeye.

"Kuna jambo jingine," daktari alisema, na sasa alikuwa anaitazama sakafu. "Nilipofika, kabla sijadunga chochote, niliingiza mkono kumpima. Mkia wake ulikuwa mzito mkononi kama kamba iliyolowa. Nikajiambia amechoka, amehangaika tangu alfajiri. Hata hivyo niliuliza. Nikasema, 'Kuna mtu ameshamgusa ng'ombe huyu? Ameshadungwa chochote?' Mwenye nyumba akasema hakuna. Yule Mjomba alikuwa ameshika kichwa. Alifungua mdomo aseme kitu, na mwenye nyumba akamkatiza, akamwambia, 'Shika kamba wewe.' Basi nikaamini. Hilo ni kosa langu, na ukitaka liandike."

"Mkia hulegezwa na nini?"

"Na sindano ya mkiani. Pale mkia unapoanzia kuna nafasi kati ya mfupa na mfupa. Ukipitisha dawa kidogo, mililita tano tu, mkia unalala na ng'ombe anaacha kusukuma. Sisi hutumia tukitaka kumgeuza ndama. Lakini ukipitisha nyingi, dawa inapanda na uti wa mgongo, na miguu yote miwili ya nyuma inalegea. Na hailegei papo hapo, afande. Inachukua robo saa, hata nusu saa. Unaweza kumkuta ng'ombe amesimama, ukadhani yuko sawa."

Inspekta alisimama. Ndoo ilianguka na kubingirika hadi ukutani, naye hakujisumbua kuiokota.

Alikwenda na Sajini, mama mmoja mnene asiye na haraka, aliyekulia zizini kabla hajavaa sare. Inspekta alimchukua kwa sababu ya macho yake, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa ng'ombe. Risasi aliwahi kukabiliana nazo, lakini pembe zilikuwa habari nyingine.

Mama Mapacha aliwapokea mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba kwa kilio cha siku tatu. Ndugu waliokuja msibani walikuwa ndani. Mume hakuwepo.

"Amekwenda dukani kwa binamu yake, kuchukua dawa ya ng'ombe," alisema. "Tangu jana ng'ombe ana homa."

"Binamu yake nani?"

"Si huyo Bwana Dawa! Mama zao ni ndugu, tumbo moja."

Inspekta na Sajini walitazamana. Katika jalada zima, kurasa ishirini na mbili, hakuna aliyeandika kwamba mashahidi wawili ni ndugu. Hakuna hata aliyeuliza.

Zizi lilikuwa safi, lina sakafu ya saruji na ukuta wa matofali upande wa kulia. Ng'ombe alisimama katikati, mshono umenyooka ubavuni, ndama ananyonya chini yake. Sajini alimzunguka taratibu akimpigia mluzi mdogo.

"Afande, njoo uone. Hakuumi."

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Njoo."

Inspekta alisogea hatua tatu, moja baada ya nyingine. Sajini alimwonyesha sehemu tatu zilizonyolewa kando ya uti wa mgongo, kila moja na upana wa kiganja, ngozi imetulia, tundu la sindano halionekani tena. Kisha akamvuta hadi nyuma. Pale mkia unapoanzia manyoya yalikuwa marefu, hayajaguswa na wembe, na chini yake kulikuwa na uvimbe ukubwa wa yai. Sajini aliyatenga manyoya kwa vidole viwili. Usaha ulichungulia.

"Daktari ananyoa na kusafisha hata pa kuchoma sindano," Sajini alisema. "Hapa pamedungwa na mtu ambaye hakunyoa, hakuosha, na sindano yenyewe sijui ametoa wapi. Jipu la siku tatu hili. Ndilo limeleta homa."

"Kwa nini hakuna aliyeliona?"

"Kwa sababu hakuna aliyemtazama ng'ombe, afande. Wote walikuwa wanamtazama mwanamke."

Inspekta aliinama alitazame vizuri zaidi, na hapo nzi mmoja akatua kwenye usaha. Ng'ombe akapiga mkia. Mkia ulimkosa nzi ukampata Inspekta usoni, kofia ikaruka mpaka kwenye hori. Sajini aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Inspekta hakukasirika. Alibaki ameinama vile vile, shavu lekundu, akiutazama ule mkia.

"Mama," alimwita Mama Mapacha. "Siku ile, kabla daktari hajafika, mkia huu ulikuwaje?"

"Mkia? Nani angetazama mkia siku ile?" Alifikiri. "Ila nina video. Niliipiga nimtumie dada yangu mkubwa, yeye anapenda kuona ng'ombe wakizaa. Nilikuwa nimetoka kupeleka maziwa tangu saa tatu. Niliporudi nikakuta ng'ombe bado, nikapiga video, ndipo nikampigia simu daktari. Kisha nikaenda barabarani kumngoja, maana njia hii haijui."

Alileta simu. Saa ilionekana chini ya video: saa nne na dakika hamsini. Simu ya kumwita daktari ilipigwa saa tano kamili, na daktari alifika saa sita kasoro robo. Yote yalikuwa mle kwenye simu, yamekaa siku tatu mfukoni mwa mama wa watu, umbali wa dakika kumi kutoka kituoni.

Walitazama. Ng'ombe alisimama akihema, maji ya uzazi yamelowesha mapaja yake, na nzi walikuwa wamemjaa kuanzia kwenye mkia hadi kwenye kwato, wamekaa kwa raha zao kama wamealikwa. Mkia ulining'inia. Video ilikuwa ya dakika moja na nusu, na kwa dakika moja na nusu mkia ule haukutikisika hata mara moja.

"Hawafukuzi," Sajini alisema kwa sauti ya chini. "Ng'ombe hai, mwenye nzi kiasi hicho, na hawafukuzi."

Saa moja kabla daktari hajatia mguu pale, mtu alikuwa ameshautia mkia ganzi. Inspekta alitaka kuirudisha simu, lakini video ilikuwa haijaisha. Mwishoni kamera iligeuka, ikamwonyesha Mjomba ameshika kamba, na Baba Mapacha amesimama nyuma yake. Mjomba aliitazama kamera moja kwa moja.

"Dada," alisema, "mpigie daktari wa kweli."

Picha ikakatika.

Mama Mapacha alitazama ile picha iliyosimama. "Niliona ananihimiza tu," alisema. "Kwani... alimaanisha kuna wa uongo?"

"Kwa nini hakusema wazi?" Inspekta aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Mdogo wangu alikuwa anakula kwa shemeji yake, afande. Mtu anayekula kwa shemeji hasemi wazi."

Inspekta alimwomba aje kituoni na simu yake kabla ya saa nane. Alimwomba kwa heshima zote, maana hasira zake alikuwa anampelekea mtu mwingine.

Duka la Bwana Dawa lilikuwa na rafu hadi darini na kibao kilichoandikwa TIBA YA UHAKIKA. Bwana Dawa mwenyewe alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na shingoni alitundika kipimo cha kusikilizia moyo. Baba Mapacha alikuwa kwenye kiti cha mteja, mkononi ana kikombe cha chai. Alipowaona askari alikiweka chini.

Inspekta aliingia anatabasamu. Sajini, aliyemjua, alirudi nyuma hatua moja.

"Nimekuja kuomba msaada," Inspekta alisema. "Saa nane tunampeleka yule mwanamke mahakamani. Mimi dawa sizijui. Hakimu akiniuliza alikosea wapi, nitabaki mdomo wazi. Nikasema, mtaalamu si yupo?"

Bwana Dawa alinyoosha kola. "Karibu, karibu sana. Shida ya hawa wa siku hizi ni vitabu, afande. Mwanamke gani anapasua ng'ombe? Kumtoa ndama ni kazi ya mikono."

"Unatia ganzi wapi?"

"Mkiani! Huko ubavuni ni kupoteza dawa."

Baba Mapacha alikohoa. Bwana Dawa hakusikia, au alisikia akapuuza.

"Lakini mkiani si pagumu?" Inspekta aliuliza. "Nimesikia wengi hukosa."

"Wengi, ndiyo. Mimi? Unashika mkia, unaupandisha na kuushusha kama mpini wa pampu, huku kidole kinapapasa. Mfupa unaocheza, hapo hapo pana bonde. Unaingiza sindano. Unaweka tone moja la dawa juu ya sindano. Likinyonywa ndani, umefika, sukuma. Hilo hawafundishwi."

Inspekta alikuwa anaandika. "Na kiasi?"

"Binamu," Baba Mapacha alisema, "chai inapoa."

"Vitabu vinasema tano," Bwana Dawa aliendelea. "Kitabu hakijawahi kupigwa teke. Tano haifanyi kitu. Kumi yenyewe ilimlaza mkia tu, tukivuta ndama kwa kamba bado anarusha miguu, ndiyo nikarudi dukani kuchukua thelathini za..."

Nje, mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo, na wote wanne waliisikiliza mpaka ikaisha.

"Alirusha miguu nani?" Inspekta aliuliza.

"Ng'ombe. Ng'ombe yeyote. Kwa mfano."

"Ng'ombe wa mfano hana kamba, na hakuna anayerudi dukani kumchukulia dawa. Wewe umeandikisha kwamba ulifika baada ya daktari."

Sajini alikuwa amepita nyuma ya kaunta. Alirudi na kikombe cha bati chenye maji machafu, na ndani yake sindano ndefu nne na kijiko cha chai.

"Hizi unatumia kwa wanyama wote?" aliuliza.

"Naziosha."

"Na kijiko?"

Baba Mapacha alikitazama kikombe chake cha chai, akakisukuma mbali.

"Nilikuwa nasaidia!" Bwana Dawa aliropoka. "Ndugu yangu kaniita saa nne kasoro, mkewe hayupo. Ningeacha mali ya ndugu yangu ife?"

"Mara ya pili ulidunga saa ngapi?"

"Kama... saa tano na dakika arobaini. Kidogo tu tukasikia pikipiki."

"Ukaenda wapi?"

Bwana Dawa alikishika kipimo chake shingoni, akakiachia.

"Bwana Dawa, nakuuliza ulikwenda wapi."

"Nyuma ya choo."

Hapo Inspekta alipoteza upole aliokuja nao. Alipiga kaunta kwa kiganja, chupa zikagongana kwenye rafu.

"Nyuma ya choo! Unajua mililita thelathini zinapanda mgongoni mwa mnyama wa kilo mia nne. Unajua miguu italegea, maana ndivyo ulivyokusudia, isirushe mateke. Unachungulia unamwona mtu anasimama kati ya ng'ombe na ukuta, anamkingia bega. Ulikuwa na nusu saa nzima. Neno moja tu, 'Toka hapo!', lilikushinda? Kisha unavaa koti lako jeupe, unakuja kituoni, unamtupia mzigo mtu ambaye aliuliza, na akadanganywa!"

"Afande," Baba Mapacha alisema, mikono ameikutanisha, "tafadhali. Haya ni mambo ya familia. Aliyekufa ni wetu. Tukae tuyamalize kifamilia."

"Wenu?" Inspekta alimgeukia polepole. "Daktari naye ni wa familia? Analala kwenye saruji siku ya tatu na damu ya ng'ombe wenu mwilini. Nani alikupangia yale maneno kumi na manne?"

Baba Mapacha alimtazama binamu yake. Hiyo ilitosha.

"Sajini, chukua kikombe na sindano zake. Chukua chupa zote za dawa ya ganzi. Na hawa nao twende nao, mmoja nyuma na mmoja mbele, wasiongee njiani. Wameshaongea vya kutosha."

Saa nane kasoro dakika kumi gari la mahabusu lilikuwa uani, injini inanguruma. Mkuu wa kituo alikuwa amelifunga tena jalada. Inspekta aliweka juu yake kikombe cha bati, maji yake yakitikisika karibu na kamba nyekundu.

"Hiki nini?"

"Kielelezo namba moja. Namba mbili iko kwenye simu ya yule mama pale. Namba tatu iko mkiani mwa ng'ombe, na inanuka, kwa hiyo tutaifuata huko huko. Lizime gari, Mkuu."

Mkuu alisikiliza. Alitazama video mara mbili, ya pili akiwa amevaa miwani. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa namna hiyo, lakini alitoa kichwa dirishani akamwambia dereva azime injini.

Walimtoa daktari. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la kuazima lililompwaya, mkononi ameshika viatu vyake vya mpira. Sajini alimweleza habari ya jipu kwa maneno machache, naye badala ya kushukuru alikasirika.

"Usaha, pale? Karibu na uti wa mgongo? Siku tatu na hakuna aliyemtibu? Nani amekaa naye huyo ng'ombe?" Alikaa chini kwenye ngazi akaanza kuvaa viatu. "Nipeni mkoba wangu."

"Subiri dakika moja, daktari," Inspekta alisema. "Nataka uwepo kwa jambo hili."

Alimkalisha Baba Mapacha kwenye kiti mbele ya meza. Mkewe alikuwa kwenye benchi la ukutani, simu mapajani. Tangu aingie alikuwa hajamtazama mumewe. Bwana Dawa alisimama kwenye kona bila koti lake, na bila koti alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana dukani. Inspekta alichukua karatasi mpya, akaandika tarehe.

"Swali moja," alisema. "Si langu. Uliulizwa siku ile na mwenye haki ya kuuliza. Kabla ya daktari kufika, kuna mtu alimgusa ng'ombe?"

Baba Mapacha alifungua mdomo. Alimtazama binamu yake, na binamu yake akatikisa kichwa kidogo sana.

"Usimtazame yeye," Mama Mapacha alisema. "Siku ile ulisema nini?"

"Mama Mapacha, niliona aibu. Daktari angenigombeza mbele ya watu kwa nini nimemwita asiyesomea..."

"Sikuuliza uliona nini. Ulisema nini?"

"Nilisema hakuna."

"Na mdogo wangu alipotaka kusema?"

Mwanaume aliinamisha kichwa. Mama Mapacha alimgeukia daktari, aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni.

"Alimwambia nini mdogo wangu?"

Daktari alikiweka chini kiatu cha pili. "Alimwambia, 'Shika kamba wewe.'"

"Akashika," Mama Mapacha alisema. Alisimama, akavuka chumba, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya mumewe. "Haya. Afande amekuuliza. Jibu."

Kalamu ya Inspekta ilikuwa imeshatua kwenye karatasi.

"Yupo," Baba Mapacha alisema. "Kuna mtu alimgusa."

Inspekta aliandika. Mama Mapacha aliyatazama yale maneno yakikauka, mstari mmoja haujafika hata nusu ya karatasi.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza. "Ndiyo hayo tu yaliyokushinda kusema, mtu wangu akiwa bado mzima?"